Tusiwafunge wanaokana mauaji, tuzifungue faili

Majuma machache yaliyopita niliketi na rafiki yangu mmoja, wakili kwa kazi, katika mkahawa mtaani Eastleigh, jijini Nairobi. Meza ya pili walikuwapo vijana watatu waliozungumza kwa sauti ya kusikika na kila mtu. Mmoja wao, ambaye kwa lugha na mavazi alionekana kuwa na elimu ya kutosha, alikuwa akiwaeleza wenzake kwamba habari za Wagalla ni porojo za wanasiasa wa Kaskazini Mashariki wanaotafuta fidia, na kwamba hapana siku ambayo jeshi la Kenya limepata kuwaua wananchi wake kwa namna inayosimuliwa. Mzee aliyekuwa akinywa chai pembeni alimgeukia akamwambia, "Mwanangu, mimi nilikuwa Wajir mwaka huo." Kijana akamjibu kwa adabu, lakini akicheka, "Mzee, hizo ni hadithi." Mzee hakuongeza neno. Alilipa chai yake, akachukua bakora yake, akaenda zake.

Rafiki yangu alihamaki. Alisema kijana yule angalikuwa Ujerumani akakana hadharani kuuawa kwa Wayahudi milioni 6, angelala rumande, na kwamba Kenya nayo inahitaji sheria ya aina hiyo. Nami nakiri kwamba usiku ule nilikubaliana naye. Sura ya yule mzee ilikuwa ikinijia. Lakini tangu siku hiyo nimelipima jambo hili mara nyingi, na nimeishia mahali ambapo rafiki yangu hatapapenda.

Kwanza nataka ieleweke kwamba silidharau dhambi lenyewe. Kukana mauaji si sawa na kukosea tarehe ya vita au jina la gavana. Mtu aliyeuawa hana tena mali wala umri, na kitu pekee kilichobaki kinachoweza kuitwa chake ni ukweli kwamba aliishi, na kwamba aliuawa. Anayekana humnyang'anya hicho nacho. Aidha humfanya aliyenusurika kuwa mwongo mbele ya wajukuu wake. Yeyote anayesema kwamba maneno hayavunji mfupa hajapata kumtazama mzee wa miaka themanini akiambiwa kwamba kaburi la ndugu yake ni uzushi.

Hata hivyo, swali ninalojiuliza ni hili: katika historia ya nchi yetu, ni nani aliyekuwa hodari zaidi wa kukana?

Tuanze na Hola. Tarehe 3 Machi, 1959, katika kambi ya kizuizini iliyokuwa karibu na mto Tana, wafungwa zaidi ya themanini waliotuhumiwa kuwa Mau Mau wenye msimamo mkali walitolewa kwenda kulazimishwa kufanya kazi. Askari waliwapiga kwa marungu, na watu 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema kwamba watu hao walifariki baada ya kunywa maji kutoka katika gari la maji. Naam, maji! Uchunguzi wa maiti ndio uliodhihirisha kwamba walikufa kwa kipigo. Miongoni mwa waliokuwapo siku hiyo alikuwa Wambugu wa Nyingi, ambaye alipigwa hata akazimia, akalazwa pamoja na maiti kwa kudhaniwa kwamba amekufa, na akaishi kuyasimulia hayo mbele ya mahakama ya London zaidi ya miaka hamsini baadaye.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Uongo wa yale maji ulikwenda wiki chache tu, na kufikia Julai mwaka huo wabunge wa Uingereza walikuwa wakilihojiana jambo lenyewe usiku wa manane. Aliyesema kwa ukali kuliko wengi alikuwa Enoch Powell, mtu yule yule ambaye miaka 9 baadaye angejipatia sifa mbaya kwa hotuba yake dhidi ya wahamiaji. (Binadamu ni kiumbe wa ajabu.) Lakini uongo mkubwa zaidi, ule wa kwamba mateso ya kambini yalikuwa makosa ya askari wachache na si utaratibu uliojulikana na wakubwa, ulikwenda mwendo mrefu sana. Maelfu ya faili za makoloni yalifichwa Uingereza katika jengo la serikali pale Hanslope Park, zikiwamo za Kenya zipatazo 1,500, na hazikukubaliwa kuwapo hadi mwaka 2011, wazee wetu walipoipeleka serikali ya Uingereza mahakamani. Faili zilipofunguka, mabishano yalikwisha haraka. Tarehe 6 Juni, 2013, Waziri William Hague alisimama Bungeni akatamka masikitiko ya serikali yake, na wadai 5,228 wakakubaliwa malipo ya jumla ya pauni milioni 19.9.

Naomba msomaji aangalie kwa makini ni kitu gani kilichoushinda uongo huo. Hapakuwa na sheria ya kumfunga yeyote aliyesema kwamba Mau Mau hawakuteswa. Kilichoushinda ni ushahidi wa wazee, kazi ya wanahistoria waliochimba nyaraka, na amri ya mahakama iliyowalazimisha wenye faili wazitoe.

Sasa turudi Wagalla, maana huko ndiko hoja ya rafiki yangu inakovunjikia mguu. Mnamo tarehe 10 Februari, 1984, vikosi vya usalama viliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika mji wa Wajir na vijiji vya karibu, vikawapeleka katika uwanja mdogo wa ndege wa Wagalla. Huko walivuliwa nguo, wakalazwa juani kwa siku kadhaa bila maji wala chakula. Wengine waliuawa kwa risasi walipojaribu kukimbia. Serikali ilisema waliokufa ni watu 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilikadiria kwamba walikaribia 1,000, na wako wenyeji wanaotaja maelfu. Marehemu Ahmed Khalif, aliyekuwa mbunge, alilifikisha jambo hili Bungeni mwaka ule ule wa mauaji. Annalena Tonelli, mama wa Kiitaliano aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu mjini humo, aliwaokota majeruhi, akasaidia kuufahamisha ulimwengu, na baadaye akafukuzwa nchini.

Tujaalie basi kwamba mwaka 1984 Kenya ilikuwa na sheria ya kuwaadhibu wanaoipotosha historia ya mauaji. Ni nani angalitiwa pingu? Je, ni afisa aliyesema 57? Hata kidogo! Angalikamatwa Khalif, na Tonelli, na kila mwanamke wa Wajir aliyethubutu kutaja jina la mumewe aliyetoweka. Sheria ya kulinda ukweli haina budi kwanza itangaze ukweli ni upi, na anayetangaza ni serikali. Sisi tuliouishi wakati ule tunakumbuka jinsi karatasi moja tu ya maandishi ilivyotosha kumpeleka mtu kizuizini kwa madai ya uchochezi. Sioni kwa nini tuwape watawala wa kesho rungu ambalo wale wa jana walikuwa wakilitamani.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa: na Rwanda je?

Hili ni jibu zito, nami sitaki kulipita mbio. Kuanzia tarehe 7 Aprili, 1994, katika muda wa siku 100 hivi, watu wapatao 800,000 kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, wengi wao Watutsi, waliuawa na majirani, wanamgambo na askari, huku redio ya RTLM ikiwahimiza wauaji. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, jirani yetu hapa, ilipata nafasi ya kusikiliza kila aina ya utetezi. Mwaka 2006 kitengo chake cha rufaa kiliamua kwamba mauaji ya kimbari ya Watutsi ni jambo linalojulikana na wote, lisilohitaji tena kuthibitishwa katika kila kesi. Katika nchi ambamo mjane na aliyemuua mumewe huteka maji kisima kimoja, kukana si maoni ya kitaaluma. Ni mwendelezo wa panga kwa njia nyingine. Mimi si mtu wa kwenda Kigali kuwafundisha manusura namna ya kulinda makaburi yao, na mwaka 1995 nisingethubutu.

Walakini tutazame sheria ile ilikofika. Mwaka 2010 Victoire Ingabire, mwanasiasa wa upinzani, alirejea Rwanda kutoka Uholanzi, akaenda katika makumbusho ya Gisozi, akasema kwamba Wahutu waliouawa nao wanastahili kukumbukwa. Hakusema kwamba Watutsi hawakuuawa. Hata hivyo maneno yale yalikuwa sehemu ya kesi iliyomfunga, pamoja na mashtaka mengine ya njama, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilimwongezea kifungo kutoka miaka 8 hadi 15. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo nayo makao yake ni Arusha, iliamua kwamba matamshi yake ya Gisozi hayakuwa ya kukana mauaji ya kimbari, na kwamba uhuru wake wa kujieleza ulikiukwa. Aliachiliwa kwa msamaha wa Rais mwaka 2018. Nampa msomaji mfano huu si kwa sababu nakubaliana na siasa za mama huyo, bali kwa sababu unaonyesha jinsi mstari unavyosogezwa. Ulichorwa kwa ajili ya anayesema "hawakuuawa", na muda si muda ukamfikia anayeuliza "na wengine je?"

Hata katika mauaji yetu wenyewe mstari huo ungetutatiza. Mwanahistoria Caroline Elkins, katika kitabu chake cha mwaka 2005, alitaja makumi ya maelfu, pengine laki kadhaa, ya Wakikuyu wasiojulikana walikopotelea wakati wa hali ya hatari. Miaka 2 baadaye John Blacker, mtaalamu wa hesabu za watu, akazipitia sensa za enzi hizo na kusema vifo vya ziada vilikuwa kama 50,000, karibu nusu yake watoto wadogo. Je, Blacker amekana? Hasha. Tarakimu yake ya watoto inatisha kuliko hotuba yoyote niliyopata kuisikia Sikukuu ya Mashujaa. Lakini mpeni mwendesha mashtaka mwenye hamu ya kupanda cheo sheria inayokataza "kupunguza uzito" wa mauaji, kisha mtazame atakavyoitumia.

Rafiki yangu wakili alinikumbusha David Irving, Mwingereza aliyefungwa Austria mwaka 2006 kwa kukana mauaji ya Wayahudi. Mimi nikamkumbusha kesi nyingine ya mtu huyo huyo. Irving ndiye aliyekwenda mahakamani London kumshtaki Profesa Deborah Lipstadt kwa kumwita mkanaji, akitumia sheria ya kashfa ili amnyamazishe. Mama yule na wachapishaji wake walilazimika kuthibitisha kila walichokisema. Wakakithibitisha, hati kwa hati, na mwezi Aprili mwaka 2000 Jaji Gray akatoa hukumu ndefu iliyoeleza jinsi Irving alivyoupotosha ushahidi kwa makusudi. Hukumu ile ilimmaliza. Kifungo cha Austria, kwa upande wake, kilimpa fursa ya kujifanya shahidi wa uhuru wa maoni. Lipstadt mwenyewe, ambaye angalikuwa na haki ya kushangilia, alisema hafurahii kumwona akifungwa.

Sisemi kwamba kila neno liachwe lipite. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 33, inasema wazi kwamba uhuru wa kujieleza hauhusu uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki. Mtu akipanda jukwaani Wajir, au Eldoret, au kwingineko, akasema kwamba watu fulani hawakuuawa ila walistahili kuuawa na safari ijayo watamalizwa, huyo hajadili historia, na polisi wasingoje jioni. Lakini kijana wa mkahawani hakumchochea mtu. Alisema alichokiamini, na alikiamini kwa sababu hapana aliyemfundisha vinginevyo. Nani amfundishe? Ripoti ya Tume ilikabidhiwa Rais mwezi Mei, 2013, makamishna watatu wa kigeni wakiwa wamekataa kuikubali sura ya ardhi kwa namna ilivyobadilishwa. Mwezi Machi, 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa niaba ya serikali na kutangaza hazina ya shilingi bilioni 10. Tangu hapo manusura wamekuwa wakingoja.

Kwa hiyo sitaunga mkono sheria anayoitaka rafiki yangu, na nimemwambia. Ninachokitaka ni kwamba nyaraka zote za kamati za usalama za wilaya, mkoa na taifa za Januari na Februari 1984 zifunguliwe kwa kila Mkenya, kama ilivyolazimika kufanyika kwa zile za Hanslope Park. Sheria ya kupata habari tunayo tangu mwaka 2016. Na Bunge liijadili ripoti ile hadharani, sura ya Wagalla isomwe kwa sauti, na majina ya marehemu yaingie katika kumbukumbu rasmi za Bunge hilo hilo ambalo Ahmed Khalif alisimama ndani yake mwaka 1984. Waheshimiwa watatuambia ni lini?