Mgeni wa Bukoba na Dirisha la Mapokezi

Kila Desemba mabasi yaelekeayo Muleba na Bukoba hujaa watu wanaorudi nyumbani.  Wapo watokao Dar es Salaam na Mwanza, na wapo watokao London au Stockholm, wakiwa na watoto wasiojua Kihaya na wenzi wa ndoa ambao hawajapata kuonja senene. Likizo inapokaribia kwisha, barazani huzuka swali lile lile la kila mwaka: je, mtu aliyezoea maisha ya ughaibuni aweza kuishi hapa moja kwa moja, au kumshawishi mgeni akae?

Majibu hayakosi uzuri. Mji uko kando ya Ziwa Viktoria, kwenye mwinuko wa mita zaidi ya 1,100, na joto lake halichoshi. Mvua ni nyingi, migomba haikauki, kahawa iko nyuma ya nyumba. Kuna uwanja wa ndege na meli ya kwenda Mwanza, na barabara ya lami hufika Mutukula kwenye mpaka wa Uganda. Tena Bukoba ni mji ambao kituo chake kilianzishwa na mgeni, naye alikuwa daktari: Emin Pasha, mzaliwa wa Silesia aliyesomea tiba, alijenga kituo cha Wajerumani hapa mwaka 1890. Hakukaa sana, lakini baada yake walikuja wamisionari, waganga na wauguzi wa Ulaya, na hospitali za madhehebu kama Ndolage na Rubya, zote wilayani Muleba, ni sehemu ya urithi wa ujio huo.

Hata hivyo, sifa hizo zote huleta mgeni kwa wiki mbili tu. Anayefikiria kukaa miaka kumi huuliza jambo jingine, mara nyingi kwa sauti ya chini: mama yangu akianguka usiku, nampeleka wapi? Mtoto akipata homa, nani atampima? Mstaafu mwenye shinikizo la damu atapata dawa yake kila mwezi bila kuikosa? Ziwa halijibu maswali hayo. Hujibiwa na zahanati, kituo cha afya na hospitali, na zaidi na yule mtu mmoja aliyekaa kwenye dirisha la mapokezi.

Hapa pana jambo linalopaswa kusemwa bila kuzunguka. Neno mgeni, hasa katika vituo vya tiba, limepewa maana finyu. Mzungu akiingia, mara nyingi huondolewa kwenye foleni na kupelekwa mbele, na mama aliyefika alfajiri na mtoto mgongoni humtazama akipita. Kibarua kutoka Burundi aliyekuja kuvuna kahawa au kupalilia migomba akiingia, huulizwa vitambulisho kabla ya kuulizwa anaumwa nini. Wote wawili wamevuka mpaka. Mmoja hupewa heshima iliyozidi na mwingine hupewa shaka iliyozidi, na katika hali zote mbili kipimo si ugonjwa. Tangu Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, ilipoondoa maelfu ya watu walioonekana kuwa wahamiaji wasio na kibali katika Kagera na mikoa jirani, hofu ya kuulizwa karatasi ni jambo halisi. Mwenye hofu hiyo hukaa na homa yake kibandani hadi imzidi.

Haya si suala la adabu tu. Machi 2023, homa ya virusi vya Marburg ilipotangazwa katika Wilaya ya Bukoba, uchunguzi ulionyesha kwamba mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, ziwani. Visiwa vya uvuvi hukusanya watu wa kila upande, na wengi wao hawana makazi ya kudumu wala jamaa wa kuwasindikiza hospitali. Mlipuko ule ulihesabiwa kuwa na wagonjwa 9, na 6 kati yao walifariki, akiwamo mhudumu wa afya. Kama wavuvi na vibarua wangeogopa dirisha la mapokezi kuliko ugonjwa, kufuatilia waliokutana na wagonjwa kungekuwa kazi ngumu mara dufu. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni mwaka huo huo. Anayemtilia shaka mgeni maskini huiweka hatarini familia yake mwenyewe.

Wapo wanaodhani kwamba kutangaza ugonjwa hufukuza wageni. Kwa muda mfupi ni kweli. Mwenye tiketi huiahirisha. Lakini mtu anayetaka kuhamia mahali hupima jambo kwa mizani nyingine: hujiuliza kama ataambiwa ukweli. Mkoa wa Kagera una historia ndefu ya kuambiwa ukweli mchungu. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa nchini walionekana mkoani humu mwaka 1983. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikiingia na wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka, na kwa miaka mingi mtu wa Kagera alibeba unyanyapaa huo kila alikokwenda. Badala ya kufunga milango, mkoa uliifungua. Watafiti wa Muhimbili pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Umeå nchini Uswidi walipima nyumba kwa nyumba, na takwimu zikachapishwa wazi: mwaka 1987 maambukizi kwa watu wazima wa Bukoba mjini yalikuwa asilimia 24.2, mwaka 1993 yakawa 18.3, mwaka 1996 yakafika 13.3. Ni vigumu kufikiria namba ya kwanza ikimvutia mtu yeyote. Ila aliyezisoma zote tatu kwa mfuatano aliona mkoa unaojua kujitazama.

Muleba nayo ilifanya jambo ambalo wakazi wake wengi hawalizungumzi. Wilaya hiyo, ambako upuliziaji wa dawa ukutani ulianza mwaka 2007 na ambako mbu walikuwa wamekwisha kuwa sugu kwa dawa za kawaida, ndiyo iliyokuwa uwanja wa jaribio la vyandarua vyenye PBO, kemikali inayovunja usugu huo. Watafiti wa Tanzania na wa London walifanya kazi hiyo pamoja, na matokeo yake yalichangia Shirika la Afya Duniani kupendekeza vyandarua hivyo mwaka 2017. Mgeni akilala chini ya chandarua cha aina hiyo katika nchi nyingine ya Afrika, analala chini ya kitu kilichothibitishwa Muleba.

Pamoja na hayo, malaria inabaki kuwa mtego kwa yule mgeni asiyejiona mgeni. Mzaliwa wa Kamachumu aliyeishi Ulaya miaka 15 hurudi akiamini kwamba malaria ni homa ya nyumbani, aliugua utotoni na haimtishi. Kinga ile hupungua mtu akikaa mbali na mbu. Watoto wake waliozaliwa huko hawakuwahi kuwa nayo kabisa. Mzungu wa kujitolea hufika na vidonge vya kinga mfukoni. Mwana wa nyumbani hufika na zawadi, halafu hulala bila chandarua kwa sababu chumba cha wageni hakina misumari ya kukifungia. Muuguzi anayempokea aliyerudi likizo afanye mambo mawili: amuulize amekaa nje muda gani, na asikubali homa yoyote ipite bila kipimo. Naye msafiri, akipata homa wiki kadhaa baada ya kurejea Ulaya, amwambie daktari wa huko waziwazi kwamba alikuwa Kagera, na kwamba aliogelea ziwani, maana kichocho nacho hukaa kimya kwanza. Daktari wa huko asipoambiwa, si rahisi akisie.

Limebaki suala la umbali, na hili halina jibu tamu. Mgonjwa anayehitaji ubingwa usiopatikana mkoani hupewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, na kati ya Bukoba na Mwanza kuna ziwa. Njia ya kulizunguka kwa gari ni ndefu. Meli husafiri usiku kucha. Ndege hutegemea hali ya hewa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka majini ikikaribia kutua Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walipoteza maisha, na waliotangulia kuwafikia manusura walikuwa wavuvi wenye mitumbwi. Ushujaa ule unastahili sifa zote ulizopata, lakini mji hauwezi kuweka mipango ya dharura juu ya bahati ya mvuvi kuwa karibu. Fedha zinazotumika kupamba fukwe kwa ajili ya watalii zingefanya kazi kubwa zaidi zikinunua boti ya wagonjwa, mafunzo ya uokoaji kwa wavuvi wale wale, na madaktari bingwa wanaokubali kuishi Bukoba. Daktari bingwa naye ni mgeni anayehitaji kushawishiwa: huangalia shule ya watoto wake, nyumba ya kupanga, na kama mashine aliyofundishwa kuitumia ipo na inafanya kazi.

Katika nyumba za Wahaya mgeni huletewa buni za kutafuna, akamwani, zilizochemshwa kwa majani yenye harufu nzuri na kukaushwa, kabla ya kuulizwa kilichomleta. Haulizwi kwanza ametoka upande gani wa mto Kagera. Vituo vya afya havina buni za kugawa, lakini vina benchi, maji ya kunywa na namba ya foleni, na hizo zaweza kutolewa kwa mpangilio huo huo kesho asubuhi, bila kusubiri bajeti.