Kicheko Kina Bei Yake

Wengi wetu hudhani kuwa mchekeshaji amezaliwa na mdomo mwepesi, na kwamba kazi yake ni kuufungua tu. Laiti ingekuwa hivyo! Kuchekesha ni ufundi kama useremala, na fundi sharti ale kwa jasho lake. Je, ni nani humlipa? Swali hilo lina jibu huko Migori na Homa Bay, nalo lilipatikana hata kabla ya redio kufika.

Katika ngoma za Waluo, ziwe za nyatiti yenye nyuzi nane au za ohangla, kuna desturi iitwayo pakruok. Mtu akitaka kujisifu, humtuza mwanamuziki pesa. Muziki husimama. Hapo bwana hujimwaga: yeye ndiye kiboko wa Karungu, akipiga mwayo mitumbwi yote hurudi ufuoni, ng'ombe wake ni wengi hata mbwa wake amechoka kuwahesabu. Watu huangua kicheko, muziki huanza tena, mpaka mwingine atoe zaidi amkatize. Ukitaka kuchekesha, lipa. Ukitaka kumnyamazisha mwenzako, lipa tena.

Kisha ikaja runinga, iliyoanza kurusha matangazo nchini Kenya mwaka wa 1962. Miongoni mwa waliovuma humo ni Mzee Ojwang wa kipindi cha Vitimbi. Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kiluo kiliwavunja watu mbavu kutoka Migori hadi Mombasa, na wapo walioapa kuwa mzee huyo ni mzaliwa wa kando ya ziwa. Kumbe jina lake halisi ni Benson Wanjau, Mkikuyu! Huo ndio ufundi wenyewe: sikio lililosikiliza majirani kwa makini mpaka likawa mdomo.

Lakini runinga haina pakruok. Mtazamaji hucheka sebuleni, na hata senti moja haitoki mfukoni mwake kumwendea anayemchekesha. Ojwang alipougua macho uzeeni, ilibidi mashabiki wachangishane ili atibiwe. Alipofariki tarehe 12 Julai 2015, sifa zilimiminika kutoka kila pembe. Sifa ni njema, ila zingemfaa zaidi kama zingekuja mapema, tena zikiwa zimefungiwa noti.

Sasa simu ya mkononi imetufikisha pengine. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, shabiki aliye Nairobi anaweza kumtuza msanii aliye Rongo kabla kicheko hakijamtoka. Kijana wa Homa Bay hujirekodi asubuhi, na jioni watu wa mbali wanamtazama. Hata hivyo, simu hiyo hiyo huiba. Mzaha hupitishwa kutoka mkono hadi mkono mpaka jina la mwenyewe linadondoka njiani, na kutazamwa na maelfu si sawa na kulipwa na maelfu.

Isitoshe, kila fundi ana mali ghafi yake, na mali ghafi ya mchekeshaji wa ziwani ni ziwa lenyewe na viumbe wake. Ngoma ya ohangla yenyewe ilivikwa ngozi ya kenge; siku hizi mara nyingi ni kinanda cha umeme kinachoijaza nafasi yake. Mbuta alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akawala fulu, samaki wadogo waliokuwa wa aina tele, na aina nyingi zikatoweka. Ngege wa asili naye amekuwa adimu, na jina lake limerithiwa na samaki mwingine, nyamami. Sasa mchekeshaji akimfananisha mtu na fulu, mtoto wa mjini atauliza, "Fulu ni nini?" Hapo mambo yameharibika, maana mzaha wa kufafanuliwa ni chai iliyopoa. Kiumbe akitoweka, huondoka na vichekesho vyake.

Basi, mwanafunzi unayeota jukwaa, ukienda likizo kwa nyanya yako Mbita au Muhuru Bay, usijifungie chumbani na simu ukikariri mizaha ya wengine. Shuka ufuoni alfajiri, mitumbwi ya omena inaporejea na taa zake baada ya usiku kucha majini. Wasikilize akina mama wanavyogombania bei. Hakuna shule ya kuchekesha iliyo bora kuliko hiyo, na ada yake ni kuamka mapema.

Nasi wazazi, tukishacheka mpaka machozi, tuukumbuke mfuko. Tununue tikiti, tutume chochote, na tunapousambaza mzaha tumtaje mwenyewe. Huko ngomani kila mtu anajua: asiyetoa hasimamishi muziki.