Waraka wa Wazi kwa Kitengo cha Ununuzi: Mashine ya Mwandishi wa Programu Ichaguliwe kwa Kazi Yake

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Ununuzi na Ugavi, chuoni kwetu.

YAH: VIPIMO VYA KOMPYUTA MPAKATO NA MFUMO ENDESHI KWA MAFUNZO YA UANDISHI WA PROGRAMU

Ndugu Mkuu wa Kitengo,



Mimi ni mkufunzi katika Idara ya TEHAMA. Nimearifiwa kwamba maabara ya programu imo kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka ujao wa fedha, na kwa hilo nawashukuru kwa dhati. Naandika sasa, kabla zabuni haijapandishwa kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, kwa sababu mashine zikishafika getini maneno yangu yatakuwa lawama tu. Nimeuweka waraka huu hadharani kwa kuwa vyuo vingi, vya umma na vya binafsi, vinanunua kompyuta kwa utaratibu kama wetu na kupata matokeo kama yetu.

Ombi langu ni moja: vipimo vya kiufundi viandikwe kwa kuanzia kazi itakayofanywa kwenye mashine hizo. Bei ipimwe baada ya hapo, kati ya mashine zinazoiweza kazi.

Tuanze na zilizopo. Mashine tulizopokea safari iliyopita zina prosesa ya Celeron N4020, RAM ya GB 4 na hifadhi ya eMMC ya GB 64. Mzabuni hakuvunja sharti hata moja, alileta alichoandikiwa. Tatizo lilikuwa kwenye maandishi yenyewe. Prosesa hiyo ina viini viwili tu. Windows ikishawaka, mwanafunzi akafungua kivinjari chenye kurasa tatu nne za kujisomea, RAM inakuwa imeelemewa kabla kazi haijaanza. Sasa afungue Android Studio, programu tunayoitumia kufundishia utengenezaji wa programu za simu. Watengenezaji wake wanataja GB 8 kuwa kiwango cha chini cha kuiendesha peke yake, na GB 16 ukitaka kuiendesha pamoja na emuleta, yaani simu ya kuigiza inayotokea kwenye skrini. Sisi tunawapa wanafunzi nusu ya kiwango cha chini.

Karibuni maabara siku ya kipindi. Mtamwona mwanafunzi amebofya kitufe cha kujenga programu, mshale umeganda, skrini imepauka, naye amekaa mikono mapajani. Emuleta haiwaki kabisa. Wenye simu za Android wanazichomeka kwa waya wa USB na kujaribia kazi yao humo. Wasio nazo wanachungulia ya jirani. Hasara yake ni kubwa kuliko muda unaopotea. Kuandika programu ni kuandika kidogo, kuendesha, kuona kosa, kurekebisha, na kuendesha tena, mara nyingi kwa siku. Kila mzunguko ukigharimu dakika nyingi, kijana anaacha kujaribu na kuanza kubahatisha. Anaandika kurasa nzima bila kuziendesha, makosa yanarundikana, na mwisho anaamini kwamba hana kipaji, kumbe hana RAM.

Fundi wa chuo alifungua moja ya mashine hizo ili aiongezee RAM. Alipotoa skrubu na kuinua mfuniko wa chini, hakukuta nafasi ya kuchomekea kitu chochote. Chipu za RAM zimelehemewa kwenye bodi, na ile eMMC vilevile. Kwa hiyo mashine hizo zitaishi na kufa na GB 4, hata tukipata fedha kesho.

Ndiyo maana nasema kipimo cha kwanza kiwe RAM: GB 16, au GB 8 pale ambapo kuna nafasi iliyo wazi ya kuongezea. Cha pili kiwe diski ya SSD, si eMMC wala diski ya kuzunguka, isiyopungua GB 256. Skrini ya kugusa, rangi ya bodi na wembamba wa mashine havimsaidii mwanafunzi kujenga programu yake.

Jina la prosesa ndilo lenye mtego. Zabuni ikiandika "Core i7" ikaishia hapo, mzabuni anaweza kuleta i7-7500U ya mwaka 2016, yenye viini viwili, akawa ametimiza sharti. Mwaka 2017 Intel ilitoa i5-8250U yenye viini vinne. Jina lake ni dogo lakini kwa kazi yetu ina nguvu zaidi. Tena ile i7 haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa rasmi na Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Andikeni idadi ya viini na kizazi cha prosesa. Neno "i7" peke yake linampendeza msomaji wa nyaraka tu.

Kuna jambo ambalo vipimo vya viwandani havilitaji lakini sisi tunaishi nalo: umeme kukatika katikati ya kipindi. Mashine ambayo betri yake inatoka na kubadilishwa ina faida ya miaka. ThinkPad T480 ya mwaka 2018, kwa mfano, ina betri moja ndani na nyingine nyuma inayochomolewa. Unaitoa iliyokwisha na kuweka iliyojaa huku mashine ikiendelea kufanya kazi kwa ile ya ndani. Ina nafasi mbili za RAM, na inachajiwa kwa USB-C. Siitaji ili inunuliwe yenyewe, maana najua kanuni za ununuzi wa umma hazitaki tufungie zabuni kwenye chapa moja, na ni sawa. Naitaja kuonyesha kwamba sifa hizi zipo sokoni, hata kwenye mashine zilizotumika ambazo maduka ya Kariakoo yanauza. Ikiwa sheria na sera ya chuo zinaruhusu mashine zilizofanyiwa ukarabati, basi tudai betri mpya na dhamana ya maandishi, kwa sababu betri ndiyo inayochoka kwanza.

Sasa mfumo endeshi. Uhasibu na masijala waendelee na Windows, kwa kuwa programu zao zinaitaka. Kwa maabara ya programu, naomba Ubuntu toleo la LTS liwe ndilo la msingi, kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni kazi yenyewe. Programu nyingi wanazoandika wanafunzi wetu zitaishia kwenye seva, na kwenye seva Linux ndiyo imetawala. Kijana atakayeajiriwa kutunza mfumo kama DHIS2, uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika kukusanya takwimu za afya hapa nchini, atakutana na Linux, PostgreSQL na terminali. Tofauti ya mifumo hujitokeza kwenye mambo madogo. Mwanafunzi anaita faili "Mteja.php", kisha kwenye msimbo anaandika "mteja.php". Windows haijali herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili, kwa hiyo kila kitu kinakwenda. Anapandisha kazi kwenye seva ya Linux, nayo inasema faili halipo. Anahangaika siku nzima kutafuta kosa kwenye msimbo ulio sahihi. Aliyejifunza kwenye mfumo ule unaotumika kwenye seva anaugundua mtego huo mapema, akiwa bado darasani.

Ya pili ni uhalali. Kompyuta nyingi za wanafunzi zinaendeshwa kwa Windows iliyochakachuliwa, iliyofunguliwa kwa kraki walizopakua wasikokujua, na virusi vinasafiri kwenye flashi hadi mashine za chuo. Siwezi kumfundisha mtu kuheshimu leseni ya programu atakayoiandika huku nikimwachia atumie iliyoibwa. Ubuntu haina ada ya leseni. Anaiweka kwenye kompyuta yake nyumbani bila kumdhulumu mtu.

Ya tatu ni bando. Tukigeuza kompyuta moja ya zamani kuwa ghala la vifurushi kwa programu kama apt-cacher-ng, sasisho linashushwa mara moja kutoka intaneti, na mashine nyingine zote zinalichukua hapohapo kwenye mtandao wa ndani. Intaneti ya chuo inabaki kwa ajili ya masomo.

Najua swali litakaloulizwa kwenye kikao: kitu cha bure kina mwenyewe? Kinao. Linus Torvalds aliianza Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na leo inaendelezwa na maelfu ya watu, wengi wao wakiwa waajiriwa wa kampuni kubwa za teknolojia. Kiini chake ndicho kilichomo ndani ya kila simu ya Android. Ubuntu ilitolewa mwaka 2004 na kampuni iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Toleo la LTS hutoka kila baada ya miaka miwili na kupata masasisho ya usalama kwa miaka mitano bila malipo. Mwaka huohuo wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili. Watanzania walikwishaonyesha kwamba programu huria inaweza kufanyiwa kazi hapa, na wanafunzi wetu wana haki ya kupokea kijiti hicho.

Pakiwa na ulazima wa kubaki na Windows, kwa mfano kwa somo la .NET ya mezani, bado kuna njia. Tangu WSL 2 ilipoingia rasmi kwenye Windows 10 mwaka 2020, Linux yenye kiini halisi inaendeshwa ndani ya Windows. Lakini mifumo miwili kwa wakati mmoja inadai RAM, kwa hiyo tunarudi palepale: GB 16.

Kuhusu Mac, nisieleweke vibaya. Ni mashine nzuri, na Xcode, ambayo ndiyo programu ya kutengenezea programu za iPhone, inaendeshwa kwenye macOS peke yake. Somo hilo likianzishwa, tununue mbili za kushirikiana, na RAM ichaguliwe vizuri siku ya kununua, kwa sababu kwenye MacBook za sasa haiongezwi baadaye. Kumnunulia kila mwanafunzi ni kutumia bajeti ya maabara nzima kwa somo moja.

Kwa kifupi, naomba zabuni ijayo iwe na masharti haya:

1. RAM ya GB 16, au GB 8 yenye nafasi wazi ya kuongezea.

2. SSD ya GB 256 au zaidi, inayoweza kubadilishwa.

3. Prosesa ya viini vinne au zaidi, na kizazi chake kitajwe.

4. Betri na kibodi ambazo vipuri vyake vinapatikana nchini.

5. Ubuntu LTS ifanye kazi kwenye mashine hiyo bila kasoro: Wi-Fi, sauti, kamera, na kulala na kuamka kwa kufunga na kufungua mfuniko.

6. Mzabuni alete sampuli moja ijaribiwe kabla ya mkataba kusainiwa.

Sharti la tano halihitaji mtaalamu kutoka mbali. Ubuntu inawashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye diski. Kamati ya ukaguzi na mapokezi ikiwa na flashi moja, itajaribu Wi-Fi, kisha itaandika kwenye terminali amri za "lscpu", "free -h" na "lsblk", nazo zitaonyesha prosesa, RAM na diski zilizomo kweli, bila kutegemea stika iliyobandikwa nje. Niko tayari kukaa na kamati siku hiyo.

Fedha zisipotosha, punguzeni idadi ya mashine, msipunguze uwezo wake. Wanafunzi wawili wanaweza kushirikiana mashine moja, mmoja akiandika na mwenzake akikagua. Hata kazini waandishi wa programu hufanya hivyo. Lakini hakuna namna wanafunzi wawili watakavyoziunganisha mashine mbili dhaifu zikawa moja inayofaa. Na zile kompyuta za mezani zenye diski za kuzunguka zilizorundikwa stoo zikisubiri kuuzwa kwa mnada, tuwekeeni SSD na RAM. Nyingi zitafaa kuwa seva za mazoezi.

Hitimisho langu ni ombi la kiutaratibu. Rasimu ya vipimo iletwe Idara ya TEHAMA kabla ya zabuni kutangazwa, tuipitie na kuisaini, ili mashine zikishindwa kazi tuwajibike pamoja nanyi. Naomba pia nijibiwe kwa maandishi, hata kama jibu ni hapana, ili niwaeleze wanafunzi wangu sababu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkufunzi wa Uandishi wa Programu,
Idara ya TEHAMA