Soko Letu Lisipakwe Matope, Wala Lisifunikwe

Mtu akitoka nje ya wilaya na kuuliza njia ya kwenda sokoni Kahama, hakosi kuonywa: shika mfuko wako, huko ni kwa wezi. Maneno haya husemwa ndani ya basi, husemwa stendi, na siku hizi hutumwa kwa simu kabla hata mgeni hajafika. Sisi wa Nyahanga twapaswa kuuliza yamepimwa kwa mizani gani, maana soko ndilo shamba la pili la watu wetu. Mchele wetu unauzwa huko, na fedha ya wachimbaji wadogo wa dhahabu yapita huko kabla ya kufika nyumbani kwa watoto.

Hatusemi kwamba wizi haupo. Kiongozi asemaye hivyo awadanganya wananchi, na wananchi wamjua. Wako wakata mifuko. Wako walaghai wanaouza shaba kwa jina la dhahabu. Wako wanaomtumia mzee ujumbe kwamba ile pesa itumwe kwa namba hii, naye akatuma akidhani ni mwanawe. Hao ni wanyonyaji kama wanyonyaji wengine, ingawa hawavai tai.

Lakini hesabu ni hesabu. Wakati wa mavuno ya mpunga soko hufurika watu, na hapana shaka mifuko inayoibiwa huongezeka; je, hatari ya mtu mmoja imeongezeka, au ni watu walioongezeka? Tena aliyeibiwa husimulia mwaka mzima, bali aliyerudi salama na fedha yake hana la kusimulia. Habari isiyotaja siku, mahali, wala idadi si habari. Ni uvumi uliovaa suti.

Na uvumi huu waua. Soko likishaitwa pango la wezi, yatosha mtu mmoja kupiga kelele ya "mwizi!" na kijana mgeni, pengine mchimbaji aliyekuja kununua viatu, akaangukiwa na mawe. Kesho yake magazeti huandika kwamba ameuawa na "wananchi wenye hasira kali". Twalichukia neno hilo. Lamfanya muuaji kuwa mwananchi, na hasira kuwa hakimu. Sheria yetu yamruhusu raia kumkamata mhalifu na kumfikisha polisi bila kukawia. Haimruhusu kumchoma moto. Mkoa wetu wa Shinyanga wajua kuliko mikoa mingi jambo hili, kwani hapa vikongwe wameuawa kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kupikia, na jirani akasema ni wachawi.

Wako watakaotujibu kwamba polisi wako mbali, na wananchi lazima wajilinde. Ni kweli, tena watu wa Kahama walilijua hilo kabla ya wengine. Sungusungu walizaliwa katika nchi hii ya Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati ng'ombe walipokuwa wakiibwa na watu kuuawa njiani. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, na mwaka 1989 Bunge likawapa kwa sheria uwezo wa kukamata. Walipunguza wizi wa mifugo. Lakini tuseme yote: baadhi yao walipiga watu, na walifukuza wanawake vijijini kwa tuhuma za uchawi. Ulinzi wa wananchi usiofuata ushahidi hugeuka fimbo ya uvumi.

Serikali nazo huingia katika mtego huo huo. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walishambulia jengo la maduka la Westgate mjini Nairobi wakaua watu 67. Mashambulizi mengine yakafuata, na Aprili 2014 polisi wa Kenya wakaingia Eastleigh, mtaa wa Wasomali wenye maduka makubwa ambayo Nairobi nzima hununua nguo. Maelfu ya watu walikamatwa, wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Kosa la walio wengi lilikuwa jina la mtaa wao. Wauza nguo wa Eastleigh hawakushambulia Westgate, bali ndio waliofungiwa maduka na kudaiwa kitu kidogo usiku.

Basi twataka nini? Twataka polisi wa Kahama watangaze kila mwezi, ubaoni pale sokoni, wizi mangapi yameripotiwa, mahali gani na saa ngapi, na kesi ngapi zimefika mahakamani. Mama muuza dagaa akijua kwamba mifuko hukatwa jioni penye msongamano wa stendi, atajilinda vizuri zaidi kuliko akiambiwa ajihadhari na kila kijana. Twataka taa zinazowaka, kwani mahali penye giza hapahitaji mhubiri. Wafanyabiashara nao waache kunyamaza kwa kuogopa kukimbiza wateja. Aliyeibiwa asiporipoti, hesabu yetu itakuwa ya uwongo kwa upande wa pili.

Matawi yote ya Nyahanga yanaombwa kulijadili jambo hili na kutuletea barua zao, pamoja na majina ya vijana walio tayari kulinda sokoni kwa zamu, wakiwa na kitambulisho na bila rungu.