Abiria wa Nyakoe na zile dakika mbili za kusubiri

MWENDESHAJI bodaboda wa Nyakoe aliyewahi kupitwa na lori kubwa katika barabara ya Kisii kuelekea Kisumu anaujua upepo unaomyumbisha. Angani upepo wa aina hiyo ni mkali zaidi, tena hauonekani.

Ndege inapopaa, hewa iliyobanwa chini ya mabawa hupenya kwenye ncha zake na kuzunguka mithili ya kisulisuli. Kadiri ndege ilivyo nzito na mwendo wake ulivyo mdogo, ndivyo visulisuli hivyo vinavyokuwa vikali. Huteremka taratibu nyuma yake na, ajabu ni kwamba, hudumu zaidi hali ya hewa inapokuwa tulivu.

Ndiyo maana kanuni za kimataifa huitaka ndege ndogo au ya wastani isubiri dakika 2 baada ya ndege nzito kupaa, na dakika 3 ikiwa iliyotangulia ni Airbus A380. Abiria wetu aliyepanda ndege Kisumu hadi Nairobi hukutana na kanuni hiyo anaporejea nyumbani, kwa kuwa JKIA ina njia moja tu ya kurukia, inayotumiwa na Dreamliner na vilevile Dash 8. Huo ndio wakati wa kunung'unika na kutazama saa.

Lakini je, kusubiri kwatosha? Novemba 12, 2001, Airbus A300 ya American Airlines ilipaa New York nyuma ya Boeing 747 ya Japan Airlines. Wachunguzi walibaini kuwa waelekezaji wa ndege walifuata kanuni za umbali. Hata hivyo ndege iliyumba, na rubani msaidizi akakanyaga usukani wa mkia kwa nguvu, kulia na kushoto, hadi mkia ukang'oka. Watu 265 walikufa, watano wakiwa ardhini. Kisulisuli chenyewe hakikuivunja ndege hiyo. Mafunzo ya marubani ndiyo yaliyolazimika kuangaliwa upya.

Mnamo Januari 2017, ndege ndogo ya Challenger ilibiringishwa juu ya Bahari ya Arabu baada ya kupishana na A380 iliyokuwa mita 300 hivi juu yake. Ilitua Muscat ikiwa na majeruhi, na haikuruka tena.

Wapo wanaoamini kuwa njia ya pili JKIA itamaliza ucheleweshaji. Huenda, ila isipotengana na ya kwanza kwa angalau mita 760, kanuni huzihesabu zote mbili kuwa njia moja, na kusubiri kutabaki pale pale.