Walimu wa Michezo Waachwe Wakae Kazini

Kila msimu wa michezo unapomalizika, hapa kwetu huanza msimu wa pili, nao ni ule wa barua za uhamisho. Mwalimu ambaye timu yake imeshindwa huhamishwa kwa kuwa ameshindwa. Na yule ambaye timu yake imeshinda huhamishwa kwa kuwa anahitajiwa kwingine. Wote wawili huondoka na filimbi zao, na vijana hubaki wakimsubiri mgeni. Sisi tunaona kuwa desturi hii inaligharimu taifa, na leo tungependa kuwaeleza wasomaji wetu habari za mtu mmoja wa mbali aliyeachwa mahali pake mpaka kazi yake ikaiva.

Mtu huyo ni Dan Magill, aliyekuwa mwalimu wa tenisi ya wanaume katika Chuo Kikuu cha Georgia, kusini mwa Marekani. Chuo hicho kiko katika mji uitwao Athens, na hapo ndipo Magill alipozaliwa mwaka 1921. Akiwa mtoto aliwaokotea magongo wachezaji wa besiboli wa chuo hicho. Alihitimu papo hapo mwaka 1942, akaingia katika kikosi cha Marine wakati wa Vita Kuu ya Pili, akafanya kazi ya gazeti mjini Atlanta, kisha mwaka 1949 akarudi chuoni kuwa afisa wa habari za michezo. Kwa sisi ambao riziki yetu ni kazi hiyohiyo ya taarifa na magazeti, habari hii ina utamu wa pekee. Mtu aliyezoea kuandika ushindi wa wengine alikabidhiwa timu ya tenisi mwaka 1954, na kwa miaka mingi akazibeba kazi zote mbili.

Aliifundisha timu hiyo hadi mwaka 1988, yaani miaka 34. Katika muda huo timu yake ilishinda mapambano 706 na kushindwa 183. Apendaye hesabu ataona kuwa huo ni wastani wa kushinda mara 21 hivi na kushindwa mara tano kwa kila msimu. Lakini hesabu inayotushughulisha sisi ni nyingine. Ubingwa wa taifa wa vyuo kwa timu, ambao ndio kilele cha mchezo huo kwa wanafunzi wa Marekani, Magill aliupata kwa mara ya kwanza mwaka 1985, akiwa amekwisha kuifundisha timu ile kwa zaidi ya miaka 30. Aliupata tena mwaka 1987, na mwaka uliofuata akastaafu.

Tuulizane kwa dhati: hapa kwetu nani angemngoja?

Ni kweli kwamba kukaa peke yake si sifa. Nguzo ya simu nayo hukaa. Wapo walimu waliokaa mahali pamoja miaka kumi wakifundisha mwaka wa kwanza mara kumi, na hao hatuwatetei. Magill aliitumia miaka yake kwa namna nyingine. Alizunguka wilaya za jimbo lake akianzisha vyama vya wapenzi wa timu za chuo, akawafanya wakulima na wenye maduka waione timu ya wanafunzi kuwa mali yao. Mwaka 1972 mashindano ya taifa ya tenisi ya vyuo yalichezwa Athens kwa mara ya kwanza. Na kuanzia 1977 hadi 1989 yalichezwa hapo kila mwaka. Kwa hiyo vijana wake walicheza mapambano makubwa mbele ya watu wa nyumbani, na watoto wa mji ule wakakua wakiwaona mabingwa kwa macho yao wenyewe. Mwaka 1984 ikafunguliwa hapohapo nyumba ya makumbusho ya wachezaji na walimu mashuhuri wa tenisi ya vyuo, kwa msaada wa mwanamuziki Kenny Rogers, na Magill akawa mtunzaji wake.

Sifa zikivuma, wachezaji hufuata. Mikael Pernfors, kijana kutoka Uswidi, alikuwa bingwa wa vyuo kwa mchezaji mmoja mmoja mwaka 1984 na 1985, na mwaka 1985 aliyeshindana naye katika fainali alikuwa mwenzake wa timu ileile ya Georgia. Mwaka 1986 alifika fainali ya mashindano ya Ufaransa, akashindwa na Ivan Lendl.

Hatuwezi, hata hivyo, kuisifu habari hii tukalificha doa lake. Magill alipoanza kazi, chuo kile cha serikali kilikuwa kimefungwa kwa watu weusi. Wanafunzi wawili wa kwanza, Hamilton Holmes na Charlayne Hunter, waliingia Januari 1961 kwa nguvu ya amri ya mahakama. Arthur Ashe, kijana mweusi wa Virginia, jimbo jingine la kusini, alikwenda kusoma California, upande wa pili wa nchi, na mwaka 1965 akawa bingwa wa vyuo kwa jina la chuo cha huko. Baadaye alivaa sare, akatumikia West Point, na mwaka 1968 akayashinda mashindano ya wazi ya Marekani akiwa luteni wa jeshi. Vyuo vya kusini vilijua kuwatunza walimu wao, lakini kwa ubaguzi vilijinyima vijana ambao mwalimu yeyote angejivunia kuwafundisha.

Nasi Uganda tuna somo letu wenyewe. Mwaka 1968 alifika hapa Mwingereza Malcolm Arnold kufundisha wanariadha wetu. Miaka minne baadaye, mjini Munich, afisa wetu wa polisi John Akii-Bua, akikimbia katika njia ya ndani kabisa, alishinda mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, akaweka rekodi ya dunia na kuiletea nchi medali yake ya kwanza ya dhahabu katika Olimpiki. Kazi ya Arnold hapa ilikoma mwaka huohuo. Medali ya pili ya dhahabu tuliipata London mwaka 2012, kwa miguu ya Stephen Kiprotich katika marathoni. Hatudai kwamba miaka 40 ile ililetwa na kuondoka kwa mwalimu mmoja. Nchi ilipitia mengi, na kila msomaji anayajua. Tunasema tu kwamba mwanariadha yule alikamilika baada ya miaka minne chini ya jicho moja.

Sisi wenyewe tulipokuwa kadeti tulibadilishiwa mkufunzi wa michezo mara tatu katika kozi moja. Wa kwanza alitufundisha mpira wa wavu, nasi tukaanza kuuelewa. Wa pili aliung'oa wavu akasema sisi ni watu wa mbio. Wa tatu hakuwahi kutufahamu kwa majina. Siku ya mashindano tulishindwa katika yote, na lawama akabebeshwa yeye aliyekuwa na majuma sita tu kazini.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa vyuo, wa shule na wa vikosi wafikirie jambo hili. Mwalimu wa michezo asipimwe kwa kombe la mwaka mmoja, bali kwa vijana aliowapokea wakiwa hawajui kushika raketi, mpaka siku watakapohitimu. Akilazimika kuondoka, pawe na msaidizi aliyefanya kazi pamoja naye. Magill alipostaafu, timu ilishikwa na Manuel Diaz, aliyekuwa mchezaji wake na kisha msaidizi wake. Naye akaupata ubingwa wa taifa mwaka 1999, 2001, 2007 na 2008. Hakuna aliyehitaji kuanza upya kuwafahamu vijana kwa majina.

Orodha za uhamisho huandaliwa mapema, mezani, na watu wasiokwenda uwanjani jioni. Kabla ya kuzitia sahihi, waende jioni moja tu wakatazame ni nani anayewangoja vijana pale.