Ua Lililogoma Kufa

Mwezi wa sita hapa Missoula, jimbo la Montana, nilimpandisha mama yangu kilimani kutazama maua. Njia nzima ni changarawe na jua kali. Mama akaguna: "Mwanangu, hapa patamea nini?"

Kumbe alikaribia kulikanyaga jibu. Ua la waridi, pana kama mdomo wa kikombe cha kahawa, limekaa chini kabisa kana kwamba limewekwa juu ya mawe. Huku huitwa bitterroot, yaani mzizi mchungu, na tangu 1895 ndilo ua rasmi la jimbo.

Mama ni mkulima. Aliacha shamba la mihogo Kivu. Akaokota kijiti, akaanza kufukua. "Mzizi wa hivi haukosi kuliwa."

Alisema kweli. Wasalish, wenyeji wa asili wa hapa, wameula tangu enzi za mababu. Huuchimba kabla ua halijafunguka, maana wakati huo ganda hubanduka upesi. Huumenya, huuchemsha, au huukausha uwe akiba.

Nikamshika mkono. Nikamwambia mizizi ya porini si ya kujaribu, kwani kuna mingine hapahapa yenye sumu. Tena huu una wenyewe. Bonde lililo kusini mwa mji wetu linaitwa Bitterroot. Mwaka 1891 Chifu Charlo na watu wake waliondolewa humo wakapelekwa kaskazini, eneo walilotengewa la Flathead. Hadi leo, kila majira ya kuchipua, huko huchimbwa mizizi ya kwanza kwa sala.

Mama akanyamaza kidogo. "Basi nao walitolewa shambani."

Nikamsimulia na kisa cha msafiri Meriwether Lewis, aliyechuma mmea huu mwaka 1806 akaukausha. Muda mrefu baadaye, mzizi mmoja mkavu ulipandwa Philadelphia, ukachipua. Ndiyo maana wataalamu waliuita Lewisia rediviva. Neno hilo la pili maana yake ni uliofufuka.

Mama akaurudishia udongo, akaushindilia kwa kiganja.

Tulipokuwa tukishuka aliniuliza mbegu za lengalenga, yaani mchicha, zinauzwa wapi mjini. Huu ni mwaka wa pili tangu tufike, na hakuwahi kuuliza.